Goti la Kobalti

Kolwezi, jioni kabla ya safari yako

Mama Ngoie,

Nakuita mama kama siku zote, kwa sababu umebeba jina la mama yangu aliyebaki Kongolo, na kwa sababu mwaka huu wewe ndiye uliyenilea. Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Mimi nimekaa nje karibu na pipa la maji, mguu juu ya kiti, magongo chini, na nataka kumaliza kabla hujarudi. Ukinikuta naandika utauliza naandika nini, na uso wangu haujui kukuficha kitu. Hapana. Tazama, mistari michache tu na nimekwisha kusema uongo. Uso wangu unajua sana kuficha. Ndiyo maana naandika.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, na za wanaume wa Kisenge unakokwenda kufundisha, mama yako amekwisha kukuambia, na kesho kando ya kamyo, lori la kukupeleka, atakuambia tena. Sina la kuongeza hapo. Nataka tuseme juu ya goti, kwa sababu goti hili ndilo linalokushika usiende.

Jana uliponifunga bendeji uliweka kiganja juu ya goti, ukakiacha pale kupita kawaida. Kisha ukaenda kwa mama yako penye mbabula, jiko letu la makaa, ukidhani sisikii.

"Mama, mi siende. Bamwalimu bengine batafundisha kule. Nitangoja mpaka batoe maji ya goti ya papa."

"Na kazi?"

"Kazi itakuya. Papa akibaki peke yake, unamujua."

Neno hilo, "unamujua," nimekaa nalo tangu jana. Umesema kweli.

Basi tuseme wazi jinsi mambo yalivyo. Chuma nilichowekewa gotini na wapasuaji wageni kimetolewa. Mahali pake Dokta Kalenga wa hospitali ya masista aliweka donge la saruji iliyochanganywa na dawa, lishike nafasi na liue wadudu waliobaki. Sindano nimemaliza, vidonge nimemaliza. Sasa ameniamuru nikae bila dawa yoyote kwa muda, ndipo aingize sindano gotini, achote maji, ayapeleke maabara. Maji yakiwa safi, wale wapasuaji wageni watakaporudi na masanduku yao wataniwekea goti jipya. Akionekana mdudu, tunaanza tena. Lakini kuna njia ya tatu, na ndiyo mbaya: maji yaonekane safi na mdudu bado yumo. Wataweka chuma kipya juu ya uozo, na safari hiyo, dokta alisema mbele yako, hatatoa chuma, atatoa mguu.

Anayeweza kuyafanya maji yadanganye ni mtu mmoja, na mtu huyo nilishawahi kuwa mimi. Hilo ndilo unaloogopa kuliko joto la goti.

Sikuzaliwa na mashaka, Ngoie. Nilipofika huku kutoka Kongolo nilikuwa kijana wa darasa la tano, nina mabega na sina kitu kingine. Nilibeba mifuko ya wengine kabla ya kupata sehemu yangu katika shimo. Siku ya kwanza nilipopeleka mfuko wangu mwenyewe depo, mnunuzi alichota mawe ya juu kwa kijiko, akayaelekezea mashine yake iliyo kama bastola, ikalia, akasoma.

"Teneur iko chini, papa."

Teneur ni kiasi cha madini kilichomo ndani ya jiwe. Ukisikia neno hilo, umekwisha kuhukumiwa. Nikasema, "Chini namna gani? Mawe haya tumeyatoa pamoja na Mwamba, shimo moja, na yake ulisema iko juu."

Akacheka. "Basi uende uulize Mwamba. Mashine haina ndugu."

Mwamba, huyuhuyu unayemwita tonton kama ami yako, mwenye kofia ya sufu, akanivuta kando. "We mutoto wa Kongolo, uko mujinga sana. Gawanya mufuko. Nusu uache hapa, nusu upeleke kwa mwingine kule ngʼambo. Usiseme ni ya shimo moja. Utaona."

Nikaona. Mawe ya shimo moja, mashine mbili, majibu yaliyoachana kama Kolwezi na Dilolo. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kugawanya mfuko, na sikuishia kwenye madini. Mchungaji akinifundisha neno, naenda kumwuliza mchungaji wa kanisa jingine. Fundi akisema bati limekwisha, namwita wa pili bila kumwambia kwamba wa kwanza alipita. Ulipozaliwa na muuguzi akasema una uzito mzuri, nilikubeba hadi kwenye mizani ya mwanamke muuza maharagwe. Mama yako hajanisamehe hilo mpaka leo.

Tulijifunza pia upande wa pili wa biashara, na hili sikuwahi kukuambia. Kama mnunuzi anachota mawe ya juu, basi mawe mazuri yanakaa juu, na chini unaweza kujaza udongo mtupu. Tulisema tunavalisha mfuko, kama mtu anayevalisha maharusi. Kila mtu alifanya. Nilikuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo. Shika jambo hili, nitalirudia.

Shimoni mtu anafanya kazi amepiga magoti, na ukiwa mdogo uliniona nikitoka kitandani kwa kushika ukuta. Wapasuaji wageni walipokuja hospitali ya masista, jina langu likawa miongoni mwa waliochaguliwa. Mama yako alisali. Wewe ulicheza kwa furaha uani. Mimi nilimwuliza mpasuaji, kwa mdomo wa Dokta Kalenga, kijana wetu anayefanya kazi pamoja nao: "Hicho chuma kimetengenezwa na nini?"

"Kobalti, papa, na kromi. Pengine ilitoka hapahapa kwetu, ikazunguka dunia, inarudi."

Walidhani wamenifurahisha. Na kweli siku ile nilifurahi. Nilipoweza kutembea hadi machimbo, kariere kama tunavyoita, kuwasalimu wenzangu, Mwamba aliniona kutoka mbali akapiga kelele:

"Aba! Muone Banza! Sasa yeye mwenyewe njo kariere! Usilale na mulango wazi, batakuchimba!"

Mwingine akainama akagonga goti langu kwa ufunguo. "Ngojeni kwanza, tupime teneur."

Tulicheka mpaka machozi. Lakini mzaha wa machimboni hauishii machimboni. Ule niliurudisha nyumbani, nikawa nautafuna peke yangu.

Mvua zilipoanza, goti likapata joto. Baadaye kikatokea kipele juu ya kovu, kikitoa maji, kikikauka, kikirudi. Mimi nikaanza kazi yangu ya kutafuta nani. Nilimshuku jirani aliyekuja kunipa pole akagusa kovu. Nilimshuku mjomba wako, kwa ugomvi ule wa kiwanja. Niliwashuku wageni, kwamba vyuma vyao vilikwisha kutumika kwingine. Sikumshuku Banza aliyeingia mtoni kuosha mawe wakati kovu bado bichi, kwa sababu alikuwa ameona aibu kukaa nyumbani kama mgeni. Na hata leo sisemi ni mto. Dokta Kalenga aliniambia inaweza kuwa siku yenyewe ya upasuaji, inaweza kuwa jino bovu, kidonda cha mguuni, au maji yale, na mara nyingi haijulikani. Siku hizi nampenda kwa jibu hilo. Siku ile nilisema moyoni, mtu anayesema hajui, huyo anaficha.

Unakumbuka alivyotuambia mara ya kwanza. "Papa, ndani ya goti muko infeksio. Lazima tuchote maji, tujue ni mududu gani. Pengine tutafungua, tusafishe. Pengine tutatoa kile chuma."

Aliposema kutoa, sikusikia tena lililofuata. Kila kitu kikajipanga kichwani mwangu: kumbe ndiyo maana waliniwekea kwa huruma. Walipanda kobalti yao, sasa wamekuja kuvuna. Njiani nikakuambia wazo langu, ukacheka.

"Papa, kweli! Kwani uko shamba ya mihogo?"

Ukaona sicheki.

Nilikubali sindano kwa sharti moja, kwamba maji yagawanywe. Nusu yapimwe kwa masista, nusu yaende maabara nyingine mjini, na uyabebe wewe, yasipite katika mkono wa mtu yeyote wa hospitali. Dokta alinitazama sana.

"Papa Banza, hii si mufuko ya mawe ya malakiti."

"Najua, dokta. Mufuko ningekuachia."

Ulipanda pikipiki na kile kichupa umekifunga kitambaani, ukarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Na maabara zote mbili zikajibu neno moja: hakuna mdudu aliyeota.

Ngoie, siku ile nilitembea nimetanguliza kifua, ingawa nilikuwa nachechemea. Mashine mbili, jibu moja! Maisha yangu yote sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nilimwambia dokta barazani, mbele ya wagonjwa wote waliongoja zamu: "Unaona? Goti yangu iko muzima. Mulikuwa munatafuta kitu ingine."

Hakukasirika. Aliinama akatazama kipele kilichokuwa kinatoa usaha mbele ya macho yetu sote. "Mududu iko, papa. Sijue tu nani anaificha."

Mimi nilijua. Tangu goti lilipopata joto nilikuwa nakunywa kapsuli za muuza dawa wa sokoni, zile nyekundu na nyeusi, na asubuhi ya sindano nilimeza zaidi, ili kujipa nguvu. Sikuona kama ni uongo. Niliona ni akili: wao wana dawa yao, mimi nina yangu, tuone nani atashinda. Nikinywa, usaha unapungua. Nikiacha, unarudi. Nikasema, basi zinafanya kazi.

Wewe ulizikuta ulipotandua godoro. Ukazibeba hadi hospitali siku ya kufunga kidonda, ukaziweka mezani kwa dokta, mimi nimelala pale na suruali imekunjwa hadi pajani.

"Dokta, angalia. Papa anakunywa hizi."

Dokta Kalenga alishika kichwa. "Papa! Tangu wakati gani? Na siku ya sindano je?"

Nikatazama dari.

"Alikunywa," ukasema. "Nilimuona. Nilifikiri ni ya maumivu."

Nilikuita mpelelezi. Nilisema wamekupa kitu. Muuguzi alikuwa amesimama pale na sinia ya bendeji, akasikia yote, akatazama viatu vyake. Kisha nikakataa chakula cha mikono yako. Nilimwambia mama yako anipikie mwenyewe, nami nikawa nakaa kando ya mbabula kutazama kinachoingia sufuriani. Na wewe kila siku ulikuja na maji ya moto na chumvi, ukanifunga bendeji, ukaondoka. Sitakuambia kwamba nilijuta upesi, ningekuwa nakudanganya. Niliendelea kuamini ubaya wangu, na kilichonitoa pale hakikuwa moyo wa baba. Ilikuwa bidoni.

Ulikuwa unaosha ile bidoni ya njano tunayochotea maji. Ulitia maji kidogo, ukatikisa, ukamwaga. Ukanisogezea.

"Papa, maji iko safi?"

"Iko safi."

Ukaingiza kidole mdomoni mwa bidoni, ukakitoa kimepakwa utelezi wa kijani. "Na hii?" Kisha ukatia mchanga na vijiwe, ukatikisa mpaka jasho likakutoka, na maji yakamwagika kijani kama malakiti. "Dokta njo alinifasiria vile. Mududu anashika juu ya chuma kama hii bintu inashika juu ya bidoni. Chuma haina damu, dawa inapita pembeni. Ile kapsuli yako inaosha maji tu. Inamufunga mududu kinywa, lakini haimuue. Njo sababu maabara bilisema hakuna kitu."

Ukajitwika bidoni ukaenda bombani. Nilibaki nikiutazama ule utelezi mchangani, na nikakumbuka mfuko uliovalishwa. Maabara hazikunidanganya. Zilipima kile nilichowapa. Niliweka mawe mazuri juu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaupeleka mfuko uleule depo mbili, kisha nikajisifu kwamba majibu yanafanana.

Nilipoacha kapsuli, goti likaonyesha sura yake. Likavimba, likawa jekundu, homa ikanitikisa mpaka kitanda cha masista kikalia, nawe ukanifunika kitenge chako juu ya blanketi lao. Dokta alikuwa anapita kunitazama mara kwa mara. Sindano ya pili sikuomba kugawanya chochote. Mdudu akaota. Dokta akatuletea kisahani tumwone, madoa madogo ya rangi ya njano, kama matone ya uji wa mahindi yaliyokauka.

"Huyu hapa, papa. Sasa tunajua jina yake, tunajua na dawa yenye anaogopa. Zile za soko, hizo anazikula kama karanga."

Akanieleza tena, taratibu, kwamba tungemkamata mwanzoni, goti lilipoanza tu kupata joto, pengine angefungua, akaosha vizuri, akabadilisha kile kipande cha plastiki kinachokaa katikati, na chuma kingebaki. Muda ule wote mimi niliumeza pamoja na kapsuli. Sasa mdudu amekwisha kujenga nyumba, haoshwi tena, chuma kitoke.

Nilikubali. Lakini usifikiri nilikuwa nimepona mashaka. Nilisema, "Kikitoka, nataka kukiona. Na nataka kwenda nacho nyumbani."

"Nitakichemsha, nitakupa," dokta akasema. Na akanipa kweli, ndani ya mfuko wa plastiki.

Najua uliona aibu siku nilipokulazimisha tupite depo, mimi na magongo yangu, wewe na ule mfuko. Wachimbaji walikuwa wamepanga foleni na mizigo yao, wakatupisha kwa kuwa mimi ni kilema. Mnunuzi alikuwa kijana mpya. Alikielekezea bastola yake, ikalia. Akasoma, akafuta kioo kwa shati, akapima tena.

"Papa, hii jiwe umechimba wapi?"

Nikapiga paja. "Hapa."

Foleni yote ikaangua kicheko. Kijana hakucheka. "Teneur iko juu sana! Mi sijaona vile hata siku moja. Iko ingine?"

"Iko hii tu. Na ilichimbwa na tabu."

Akakiweka juu ya mizani ile kubwa ya magunia. Mshale haukuona sababu ya kujisumbua. Akakitoa, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. "Chukua, papa. Hii hata mwizi atakurudishia."

Ulicheka mpaka ukakaa chini, pale vumbini, na sketi yako ya kanisa. Ilikuwa mara yako ya kwanza kucheka mbele yangu tangu siku nilipokuita mpelelezi. Nami nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa na kitu ndani. Niliwaogopa watu wote wenye makoti meupe, nikakunyima wewe heshima yako, kwa ajili ya kitu kisichosogeza mshale.

Sitakuambia uende Kisenge ukaamini watu. Mimi siamini, na kule ni mji wa manganizi, watu wa machimbo ni walewale. Mkurugenzi wa shule atakuambia hivi kuhusu mwalimu fulani, shuku. Jirani atakusifu siku ya kwanza, shuku sana. Gawanya mfuko, kazi hiyo nimekufundisha tangu uzito wako upimwe kwenye maharagwe. Ila siku mtoto atakapokupa jibu la ovyo kwenye karatasi ya mtihani, utamshuku yeye, utawashuku wazazi wake, na ukiwa na nguvu bado, lishuku na lile somo ulilompa. Nasema ukiwa na nguvu bado, kwa sababu mimi mpaka leo naanza na wengine, na nikifika kwangu nimekwisha kuchoka. Labda wewe utaweza kuanza upande huu.

Sasa tufike penyewe.

Joto la goti ulilolisikia jana, mimi nalisikia tangu siku kadhaa. Nilimwambia dokta. Alishika, akasema goti lililofunguliwa namna hii linaweza kubaki na joto muda mrefu bila mdudu, na linaweza kuwa ni mdudu, na maji ndiyo yatakayosema. "Vumilia, papa. Usimeze hata kidonge cha jirani. Homa ikipanda, au kidonda kikifunguka, ukuje mbio, usingoje siku ya sindano." Nilisema ndiyo. Lakini nikikaa peke yangu na joto lile, mkono wangu unaanza kutafuta.

Maana zile ulizozikuta chini ya godoro hazikuwa zote.

Wiki hii uliniuliza kwa nini gongo langu la kushoto linalia nikitembea. Nilikuambia skrubu imelegea. Ukalichukua, ukaligeuza, ukatafuta skrubu, hukuiona, ukasema utamwita fundi wa baiskeli. Hakuna skrubu, mama. Magongo haya ni bomba tupu, na ule mpira wa chini unavulika kwa kuuzungusha. Kila hatua niliyopiga mbele yenu, nilikuwa natembea na kapsuli zangu. Sijameza hata moja tangu dokta aliposema acha. Lakini nimevua mpira ule, nikazitazama, nikaurudisha, na si mara moja. Huna sababu ya kuniamini kwamba sikumeza. Ningekuwa wewe, nisingeamini.

Unaweza kubaki unilinde. Nimelifikiria jambo hilo tangu jana, nikaliona tamu, na utamu wake ndio ulionitia mashaka. Baba anayemshika binti yake nyumbani ili baba mwenyewe asimeze kapsuli, huyo hatakosa ugonjwa mwingine wa kumshikia. Baada ya sindano kutakuwa na upasuaji, baada ya upasuaji kujifunza kutembea, na nafasi yako ya Kisenge atakuwa ameikalia mwingine. Nimekwisha kukulipisha goti hili vya kutosha.

Kwa hiyo leo, ulipotoka tu kwenda kwaya, nimevua ule mpira nikazimwaga zote. Nimezifunga katika plastiki na kuzitia ndani ya valizi yako, sanduku la nguo, kwenye kiatu cha kulia cha vile viatu vyeusi vya darasani. Usizitupe njiani, wala pale Mutshatsha kamyo itakaposimama kupakia makaa, watoto wa pale wanaokota kila kinachongʼaa. Zitupe katika choo cha shule ukifika. Kwenye kiatu cha kushoto nimeweka goti langu la zamani. Liweke juu ya meza yako, lishike karatasi za watoto upepo usizichukue. Wakiuliza ni nini, waambie ni jiwe la Kolwezi, na kwamba mwenye nalo alisumbua watu sana.

Barua hii mama yako atakupa kesho, mzigo wako ukiwa umekwisha kupanda. Mwambie dereva angoje. Atagomba, mwache agombe. Fungua valizi palepale, ingiza mkono katika viatu. Kisha uje kwangu, nitakuwa nimesimama karibu na gurudumu, na ushike gongo la kushoto. Nitakuachia. Litikise karibu na sikio lako, kwa nguvu, mbele ya watu wote, wala usinionee huruma. Ukisikia chochote, shusha mzigo.

Lisipolia, panda.

Baba yako,
Banza